Vyombo ni vya Nani? Somo Kutoka Bendi ya Ndekule

Sisi vijana wanne wa mtaa mmoja huko Temeke twapiga muziki kwa magitaa ya kuazima. Muhula uliopita mwenye magitaa aliyataka, na kwa majuma matatu bendi yetu ikawa maneno matupu. Ndipo nilipoanza kuuliza habari za bendi za zamani za Dar es Salaam, nikaona kuwa jambo lililotupata si geni.

Mwaka 1978 ilianzishwa bendi ya Mlimani Park, yenye mtindo wa Sikinde. Miongoni mwa wanamuziki wake walikuwa mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye bendi ya Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake, akawachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, wakiwamo hao wawili, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mtindo wake uliitwa Ndekule, na maskani yake ilikuwa Kimara. Mara ikawa mshindani mkubwa wa Sikinde. Hata hivyo haikutimiza miaka kumi, ikavunjika.

Yafaa tujiulize sababu. Siku hizo fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vyombo vya umeme vilikuwa shida kupatikana. Kwa hiyo mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na Safari Sound ya mtu binafsi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa tu. Akihama aliliacha gitaa, akaondoka na sauti yake na vidole vyake. Bendi iliyoundwa kwa kuhamisha watu yaweza pia kubomoka kwa watu kuhama.

Sasa tutazame nyimbo. Bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Wimbo ukisikika redioni, watu huenda dansini, na fedha za mlangoni ndizo zilizoilisha bendi. Basi rekodi ilikuwa kama tangazo. Lakini ajabu ni hii: dansi zimekwisha, vyombo havipo, naye Gurumo alifariki mwaka 2014, bali "Chatu Mkali" na "Homa Imenizidia" zingali zikisikika.

Hapo nilipata mafunzo mawili. Kwanza, chombo cha kuazima hurudi kwa mwenyewe. Pili, wimbo uliorekodiwa na kutunzwa huishi kuliko bendi.

Sasa sisi wanne twaweka akiba kila juma ili tununue gitaa moja kuukuu, liwe letu. Tena tuna daftari, na kila wimbo tunaotunga twaandika humo tarehe na jina la mtungaji. Gitaa bado hatujalipata, lakini daftari lina nyimbo sita.