Nukta, Shilingi na Umbali wa Kochi

Mnunuzi wa televisheni bapa hukutana dukani na maandishi matatu, HD, Full HD na 4K, ambayo yote hutaja resolusheni, yaani idadi ya pikseli, zile nukta ndogo za mwanga zinazoijenga picha. Full HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, ilhali 4K ina maradufu kila upande, hivyo jumla yake huzidi milioni 8; televisheni nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa jina la HD zina 1366 kwa 768 tu. Linalobaki ni kujua iwapo jicho litaiona tofauti inayolipiwa.

Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili ikiwa pembe kati yake haipungui takriban sehemu moja ya 60 ya digrii, na zikisongamana zaidi ya hapo huziona kuwa kitu kimoja. Kwa kipimo hicho, nukta za Full HD kwenye skrini ya inchi 43, ambazo kila moja ina upana wa karibu nusu milimita, hazitambuliki tena mtu akikaa mita 1.7 au zaidi, kwa hiyo sebule ambayo kochi liko mita 3 kutoka ukutani haina sababu ya kulipia 4K kwa ukubwa huo. Kwa inchi 65 mpaka husogea hadi mita 2.6 hivi, na kwa anayekaa karibu zaidi ya hapo 4K huanza kustahili bei yake. Futikamba, basi, itangulie pochi.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, ni chanzo cha picha. Chaneli isiyo ya HD inayopita kwenye king'amuzi kwa nukta 720 kwa 576 inabeba sehemu moja tu ya 20 ya nukta za skrini ya 4K, na zile 19 zinazosalia hubuniwa na televisheni yenyewe, kazi ambayo seti za bei nafuu huifanya vibaya kiasi kwamba nyuso huonekana kama zimepakwa mafuta. Filamu ya 4K ya mtandaoni nayo inaweza kula GB 7 kwa saa, na kifurushi kikaisha kabla ya filamu. Video ya maua inayochezwa dukani haithibitishi lolote. Muuzaji aombwe aunganishe king'amuzi na kuweka taarifa ya habari, kisha mnunuzi arudi nyuma hatua zinazolingana na sebule yake, asome maandishi yanayopita chini ya skrini, na atazame kama weusi wa koti la mtangazaji ni weusi kweli au ni kijivu, kwa kuwa udhaifu huo huonekana hata kutoka mbali.

Maneno ya kwenye boksi yasomwe kwa makini vilevile, kwani "inapokea 4K" humaanisha kwamba seti inaweza kuifungua video hiyo, si kwamba paneli yake ina nukta hizo.