Maumivu ya Uso Yasiyo ya Jino

Mama mmoja alifika kwetu ameshika shavu la kulia. Alikuwa ameshang'olewa meno matatu upande huo na maumivu yako palepale. "Sista, ni kama umeme," aliniambia. "Hata upepo ukinigusa." Kunawa uso alikuwa ameacha, na uji aliunywa kwa woga.

Kila upande wa uso una mshipa mkubwa wa fahamu utokao kwenye ubongo, wenye matawi matatu: la jicho na paji la uso, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Mshipa huo ukisumbuliwa, maumivu huja ghafla kwa sekunde chache, pengine hadi dakika mbili, hutulia, kisha hurudi. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, hasa akina mama, na kwa kawaida ni upande mmoja tu.

Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoubana ule wa fahamu karibu na shina la ubongo. Hudunda juu yake mchana na usiku mpaka utando wake unalika, kama waya wa umeme uliochubuka. Daktari Walter Dandy wa Marekani aliyaona hayo akipasua wagonjwa, akayaandika mwaka 1934. Leo kipimo cha MRI huweza kuyaonyesha bila kisu. Mashine hiyo hutumia sumaku kali, si mionzi kama eksirei. Mgonjwa hulala ndani yake bila kutikisika, na kelele ni nyingi! Mwenye chuma mwilini au kifaa cha moyo aseme mapema. Kipimo hicho hutafuta pia uvimbe, ambao nao huweza kuubana mshipa.

Lakini picha peke yake haitoshi. Wapo watu ambao mishipa yao hugusana na hawaumwi kitu. Kwa hiyo mweleze daktari vizuri maumivu yanavyokuja. Hayo maelezo ndiyo yanayoutambulisha ugonjwa.

Wala usikae nyumbani na maumivu kwa kukosa nauli ya kwenda kwenye MRI. Dawa ya kwanza ni karbamazepini, ileile ya kifafa, na daktari huweza kuianza kabla ya picha. Panadol haisaidii. Usijinunulie dukani, usiiache ghafla, na ukitokwa na vipele rudi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mimba aseme. Dawa ikishindwa, upasuaji wa kuitenganisha mishipa hiyo upo katika hospitali kubwa.

Mama yule alianzishiwa dozi ndogo. Wiki iliyofuata alikuja amenawa uso.