Kabla Hujaingiza Chungu cha Maua Chumbani

Siku hizi ua la chungu haliuzwi kwa uzuri wake peke yake. Linauzwa pamoja na sifa ya kusafisha hewa na kuleta usingizi mnono. Mimi nasema kwamba katika chumba cha kulala cha Kisauni, Likoni au Changamwe, hapa Mombasa, sifa hiyo haisimami, na anayetaka kuamka bila kichwa kizito aanze na dirisha, jiko na dawa ya mbu ya kuchoma. Chungu kitasubiri.

Sifa yenyewe ilivuma kutoka Marekani. Mwaka 1989 mtafiti wa NASA, B. C. Wolverton, alifungia mimea ndani ya visanduku visivyopitisha hewa, akaingiza mivuke ya sumu kama benzini na fomaldehaidi, akakuta imepungua. Jaribio halikuwa la uongo, ila hakuna mtu anayelala sandukuni. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio 196 ya namna hiyo, wakapiga hesabu kwamba ili mimea iondoe mivuke hiyo kwa kasi ya hewa inayoingia na kutoka yenyewe jengoni, kila mita ya mraba ingehitaji mimea kati ya 10 na 1,000. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina mita za mraba tisa na ushei. Kwa hesabu ya chini kabisa hivyo ni vyungu zaidi ya tisini, na kitanda umeshakitoa uani. Tena nyumba zetu zina mwanya chini ya mlango na mwingine kati ya ukuta na mabati, kwa hiyo upepo hapa unamwachia mmea kazi ndogo zaidi.

Wapo wanaoyakataa maua kwa sababu ya kinyume, kwamba usiku humnyang'anya mtu hewa. Hilo nalo limetiwa chumvi. Gizani majani huvuta oksijeni na kutoa kabonidioksaidi kama sisi, lakini kwa kiasi kidogo mno. Mtoto aliyelala ubavuni mwako hutoa nyingi kuliko vyungu vyote vya dirishani, na hakuna anayemlaza nje kwa hofu hiyo. Sansevieria, yenye majani marefu magumu na ambayo jamaa zake huota zenyewe vichakani hapa Pwani, huvuta kabonidioksaidi usiku. Wauzaji wakisema hivyo hawadanganyi, ila kiasi ni kile kile kidogo.

Kinachochafua chumba ni moshi tunaouwasha wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja ya mbu hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Neti humzuia mbu huyo huyo bila moshi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata mvua ikinyesha, maana gesi yake huua na hakuna ua litakaloizuia. Udi, pamoja na utamu wake, ni moshi pia: fukiza mapema, acha milango wazi, kisha ndipo ulale.

Utaniambia kwamba Changamwe ukifungua dirisha unakaribisha vumbi la malori ya bandarini, mbu na mwizi. Ni kweli, ndiyo maana dirisha la kufungua ni lile lisilotazama barabara, lenye grili na wavu wa waya. Kisha tazama juu ya ukuta: yale matofali ya matundu ambayo wapangaji huyaziba kwa magazeti na nailoni yazibuliwe, yawekewe wavu. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, na pazia zito mlangoni hukusitiri bila kuukata upepo kama ubao.

Wazungu husifu mimea kwa kuongeza unyevu, na kwao wakati wa baridi, nyumba zikiwa na joto kavu, inaeleweka. Hapa Februari na Machi jasho halikauki mwilini, na karibu maji yote unayomwagilia chungu huishia hewani. Ni kidogo, lakini ni kidogo kwa upande usiotufaa. Mmea utakusaidia zaidi ukiwa nje, mbele ya ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri na kutema joto hadi usiku wa manane. Mwenye kiwanja apande mwarobaini au mkungu, mbali kidogo na msingi. Mpangaji atandaze mdodoki kwenye kamba.

Anayependa kijani chumbani aweke, kwani uzuri ni sababu tosha, na harufu ya asmini haihitaji cheti cha maabara. Ila asiache maji kwenye kisahani. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na tena 2017, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017, na mbu anayeeneza magonjwa hayo hutaga katika vyombo vidogo kama hivyo. Mwaga maji angalau mara moja kwa wiki na usugue kisahani, maana mayai hung'ang'ania pembeni na kustahimili ukavu. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi.