Mnyanya na Minyoo wa Mizizi

Katika milima ya Usambara, pande za Lushoto, watu hulima nyanya mabondeni penye maji, na mavuno hupelekwa hata Tanga na Dar es Salaam. Mashamba ni madogo, maana nchi ni ya miteremko na watu ni wengi. Basi wengine hurudia kupanda nyanya pale pale kila mwaka. Desturi hiyo humnufaisha adui asiyeonekana.

Pengine mnyanya hunyauka mchana hali udongo una maji. Majani hugeuka manjano, na matunda huwa machache tena madogo. Mkulima akiung'oa huona mizizi imevimba mafundo mafundo. Hiyo ndiyo kazi ya minyoo fundo. Mnyoo mchanga hafiki hata nusu milimeta kwa urefu, wala jicho tupu halimwoni. Hupenya katika ncha ya mzizi, akakaa mahali pamoja, akazifanya chembe zilizo karibu na kichwa chake zinenepe ili zimlishe. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na udongo ukiwa na joto, kizazi kipya hutokea kwa muda wa kama mwezi mmoja.

Lakini huko Peru uko mnyanya wa mwituni ambao minyoo hao hawauwezi. Mnyoo akiingia mzizini, chembe zilizo karibu na kichwa chake hufa upesi; naye, kwa kukosa chakula, hufa njaa. Kinga hiyo hurithiwa, kama mtoto arithivyo sura ya wazazi wake. Mnyanya huo na ule wa shambani havizaani kwa urahisi. Mwaka 1944 mtaalamu P. G. Smith wa California, Marekani, alieleza jinsi alivyotoa kijimche kichanga katika mbegu ya mchanganyiko wao, akakilea katika chombo cha kioo. Kutokana na kazi hiyo kinga iliingia katika nyanya za kuliwa.

Tanzania nayo ina mbegu yenye kinga: ndiyo Tengeru 97, iliyotolewa huko Tengeru, karibu na Arusha, mwaka 1997.

Hata hivyo kinga si ngome isiyobomoka. Joto la udongo likipita digrii 28, kinga ile ya Peru hulegea. Tena iko aina ya minyoo fundo ipendayo nchi za baridi, ambayo kinga hiyo haiizuii. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hategemei mbegu peke yake. Hung'oa mizizi yenye mafundo na kuichoma, huotesha miche katika udongo safi, na hubadili mazao, akipanda marejea kabla ya kurudisha nyanya.

Maswali
1. Kwa nini mnyanya wenye mafundo hunyauka ingawa udongo una maji?
2. Mnyoo hufaje katika mzizi wenye kinga?
3. Taja mambo mawili yanayoishinda kinga hiyo.