Mdogo Wangu, Brussels Usile Penye Mpiga Debe

Wadogo zangu, mwaka huu maswali ya Brussels yamezidi. Huyu anakwenda mkutanoni Umoja wa Ulaya, yule amepata nafasi ya kusoma Leuven na wikiendi atakuwa anashuka mjini kwa treni. Wote mnauliza jambo lile lile: jioni nile wapi, na usiku niende wapi? Haya, vuta kiti.

Tuanze na pa kupita tu. Ukitoka Grand-Place, ule uwanja wa majengo yenye nakshi za dhahabu, hatua chache tu utajikuta Rue des Bouchers. Kichochoro kimejaa meza, samaki wamepangwa juu ya barafu, na milangoni wamesimama wapiga debe wanaokuita kwa lugha zote kana kwamba basi la mwisho linaondoka. Brussels mahali pazuri hapakuiti, pana foleni. Si kwamba kichochoro kizima hakifai, maana Chez Léon wanauza kome pale tangu 1893. Ila kama hukwenda na jina la mkahawa kichwani, piga picha uendelee. Na samaki asiye na bei kwenye menyu, huyo mwogope.

Kome zenyewe usiache kuzionja. Zinaletwa ndani ya sufuria, karibu kilo nzima ya mtu mmoja, zimechemshwa na vitunguu na figili za majani, chipsi pembeni. Uma weka chini: chukua ganda tupu, litumie kama koleo kuchomoa nyama kwenye maganda mengine. Msimu wake ni Julai hadi kama Aprili. Ukifika Mei, agiza kingine.

Chipsi sasa. Nenda Place Jourdan, kwenye kibanda cha Maison Antoine kilichoanza 1948. Wabelgiji wanakaanga chipsi mara mbili, na kwa desturi yao ni mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo anayeshika mambo ya halali aulize kabla ya kulipa. Uzuri wa pale ni kwamba baa kadhaa za jirani zinakuruhusu kuketi na karatasi yako ya chipsi, mradi ununue kinywaji. Jaribu hilo baa ya kwetu uone utakavyotolewa! Mchana, mpenda samaki aende Noordzee, Place Sainte-Catherine: duka la samaki lenye kaunta, unakula supu na ngisi wa kukaanga umesimama nje pamoja na wenye suti.

Tahadhari mbili za menyu. Ukiona *filet américain*, jua ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, MBICHI, hata ikiwa imepakwa ndani ya mkate. Na *carbonnade* ni nyama iliyopikwa kwa bia. Maji nayo mara nyingi ni ya kununua. Bahashishi hulazimiki, huduma iko ndani ya bili.

Ukishachoka na vyakula vya watu, panda metro hadi Porte de Namur, uingie Matonge. Mtaa umechukua jina la Matonge ya Kinshasa, kwa hiyo Kilingala ndicho kinachotawala, lakini tega sikio, watu wa Bukavu na Lubumbashi wamo na Kiswahili chao utakifuata vizuri tu. Pembeni pake kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 2018. Kula mbuzi wa kuchoma, kisamvu, ndizi za kukaanga. Ila usiende ukiwa na njaa kali, moto wa pale hauharakishwi na mtu.

Usiku, mdogo wangu, jihadhari na chupa ndogo. Tusker uliyoizoea ina kilevi asilimia 4.2. Duvel ina 8.5, na Rochefort 10 inafika 11.3, halafu ni tamu, inateleza. Mbili za namna hiyo si mbili za nyumbani. Mimi ningeanzia L'Archiduc, baa ya jazi ya tangu 1937 iliyopo Rue Dansaert. Mlango ukiukuta umefungwa usirudi, bonyeza kengele. Wa kucheza hadi kuche wana Fuse, Rue Blaes, klabu ya tekno iliyofunguliwa 1994. Huko kabla ya saa saba usiku utacheza na kuta.

Kurudi ndiko kunakowaponza wengi. Metro hulala kama saa sita usiku, na mabasi ya usiku, Noctis, ni ya Ijumaa na Jumamosi tu. Usiku mwingine hesabu nauli ya teksi kabla hujahesabu vinywaji. Glasi yako isiachwe mezani, hata kwa yule kaka mpole aliyejitolea kuilinda. Namba ya dharura ni 112.

Jumapili asubuhi, ukiamka, nenda soko la Gare du Midi. Tafuta kibanda cha Wamoroko wanaokunja chapati zao za tabaka, wakatia jibini na asali, upate na chai ya mnanaa. Wahi kabla ya adhuhuri, beba pesa taslimu, na pochi ikae mbele.