Njia ya Kuwa Mteuzi wa Filamu Katika Matamasha ya Kimataifa

Filamu iliyotumwa tamasha kubwa kwa maombi ya kawaida mara nyingi haianzii mezani kwa mkurugenzi. Huanzia kwa wachujaji: watu wa mkataba wa msimu, waliotawanyika miji mbalimbali, kila mmoja na viungo vyake vya mtandaoni vya filamu na tarehe ya mwisho. Ukitaka kazi ya kuteua filamu, ingilia hapo, na ujiandae kwa kalamu.

Mchujaji hutoa alama na maelezo mafupi. Alama pekee haisemi mengi. Maelezo ndiyo yanayobishaniwa katika kikao cha uteuzi. Usisimulie kisa, kwani muhtasari mtayarishaji ameshautuma. Eleza filamu inajaribu kufanya nini, inafaulu wapi, inalegea wapi, na inawafaa watazamaji gani. Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa wa sinema. Mwaka 2018 Berlinale, tamasha la Berlin, iliiweka Generation, kitengo cha filamu za watoto na vijana. Ingeweza kuchukuliwa kuwa filamu ya watu wazima kuhusu kifo. Kutambua kwamba watoto nao wanaistahili, na kuitetea hoja hiyo kwa aya moja, ndiyo kazi yenyewe. Fanya zoezi hili kila wiki hata kabla hujaajiriwa, na usiziruke filamu usizozipenda. Hizo ndizo utakazokutana nazo kwa wingi.

Anza na unachokijua. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipoonyeshwa Toronto mwaka 2021, mgeni aliona mapenzi na harakati za uhuru katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Aliyeisoma riwaya ya Adam Shafi aliona pia mwongozaji alichoacha na alichoongeza. Matamasha yanahitaji macho ya namna hiyo. Lakini usikubali kufungiwa humo: tazama sinema za Iran, Korea, Senegali na Ajentina, za zamani na za sasa, mpaka uweze kusema filamu ya Nairobi inajibizana na nani duniani.

Nyumbani kuna pa kujifunzia. Tamasha la ZIFF la Zanzibar, lililoanzishwa 1997, huhitaji mikono mingi. Jitolee kwenye kazi za nyuma ya pazia: kukagua nakala na manukuu, kupanga ratiba, kuongoza maswali baada ya onyesho. Keti ukumbini uone watu wanainuka dakika ya ngapi. Kutoka hapo lenga tamasha la Durban, ambako Talents Durban hufanyika kwa ushirikiano na Berlinale Talents. Jifunze Kifaransa pia. Ukienda tamasha la FESPACO kule Ouagadougou bila hicho, mazungumzo mengi muhimu yatakupita. Na zipe filamu fupi uzito. Clermont-Ferrand nchini Ufaransa ina tamasha kubwa la filamu hizo, na wengi wanaotengeneza filamu ndefu huanzia huko.

Mlango usipofunguka, anzisha onyesho lako. Mahen Bonetti, mzaliwa wa Sierra Leone, ndiye aliyeanzisha tamasha la filamu za Afrika jijini New York, na toleo la kwanza lilifanyika 1993. Wewe unaweza kuanza na projekta, ukumbi wa kuazima na filamu nne zilizopangwa kwa hoja moja. Ila omba kibali cha wenye filamu kwa maandishi, na uwalipe hata kama ni kidogo.

Ijue kalenda: Rotterdam mwishoni mwa Januari, Berlin Februari, Cannes Mei, Locarno Agosti, Toronto Septemba. Mengi ya matamasha haya hupendelea filamu ambayo haijaonyeshwa kwingine. Kwa hiyo neno lako la haraka kwa mwongozaji chipukizi kuhusu pa kuonyesha filamu yake kwanza laweza kumfungia njia. Usimwahidi nafasi, usisambaze kiungo cha filamu, usitoboe siri za kikao. Filamu ya rafiki ikija, sema mapema, mwingine aitazame.

Kuhusu malipo nina msimamo. Uliza kabla ya kuanza kama unalipwa kwa filamu au kwa msimu, na kazi ya kuchuja bure usiikubali zaidi ya msimu mmoja. Wateuzi wengi huunganisha matamasha mawili matatu ili mwaka upite. Ukialikwa Ulaya, omba barua ya mwaliko inayotaja nani anagharamia tiketi na malazi, kisha kaombe viza mapema, kwani miadi ya ubalozi huweza kuchukua wiki nyingi.