Kwanza, Usiisugue Hiyo Sarafu

Leo namjibu mdogo wangu mmoja wa Chemchem, Tabora mjini, aliyemaliza kidato cha sita. Anasema nyumbani kwao kuna sanduku la babu lenye misumari ya shaba, cherehani ya bibi, na kopo la maziwa ambamo amekuta sarafu mbili za zamani. Majirani wameshaanza kumletea vyao awaambie vinakwenda bei gani. Anauliza: "Dada, nataka iwe kazi. Nisomee wapi uthamini wa vitu vya kale, na cheti chake kinaitwaje?"

Mdogo wangu, cheti cha jina hilo hapa kwetu hakuna. Usinune. Hata Marekani, serikali hutoa leseni kwa wathamini wa nyumba na viwanja. Anayethamini viti, vyombo na michoro haombwi leseni na mtu. Pengo hilo wamelijaza wenyewe kwa vyama. Kuna Appraisers Association of America, cha tangu 1949, na kuna International Society of Appraisers na American Society of Appraisers. Ukitaka kuingia huko hutazamwa masomo yako, uzoefu wako wa kazi na taarifa ulizowahi kuandika. Juu ya hayo upite kozi ya saa 15 ya kanuni za uthamini ziitwazo USPAP, na kuna kozi fupi ya kujikumbusha kila baada ya muda. Waingereza wana RICS, chama cha wapima na wathamini kilichoanza 1868, ambacho ndani yake kuna watu wa sanaa na vitu vya kale. Masomo ya vyama hivi unaweza kuyapata kwa intaneti, ila ada ni ya kigeni na inauma. Mimi nisingeanzia huko.

Anzia hapo hapo Tabora. Chuo cha Ardhi, wenyewe mnakiita ARITA, kinafundisha usimamizi wa ardhi, uthamini na usajili. Najua utasema, "Dada, mimi sitaki viwanja." Sikiliza. Pale utajifunza namna ya kulinganisha bei ya kitu kimoja na vingine vilivyouzwa, kutofautisha thamani ya bima na thamani ya mirathi, na kuandika taarifa ambayo mwenzako akiichukua anaweza kukagua ulifikaje kwenye hiyo namba. Misingi hiyo haibadiliki ukihama kutoka kiwanja kwenda kabati. Tena kuna jambo la kisheria. Tangu 2016 tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, yenye bodi yake. Kabla hujabandika kibao mlangoni kinachosema wewe ni mthamini, nenda kawaulize bodi kazi yako inaingia wapi. Usije ukajifunza sheria ukiwa umesimama mbele ya hakimu.

Kama alama zako zinaruhusu chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na idara yake sasa inashughulika na taaluma za urithi pia. Huko ndiko utakakojua kigae cha chungu kinasema nini, na kwa nini kitu kilichofukuliwa bila kuandikwa kilipokuwa kimelala kimeshapoteza nusu ya habari zake. Omba mafunzo ya vitendo makumbusho. Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, si mbali na kwenu, na vitu vyake ni vya ndugu zenu Wasukuma: ngoma, vigoda, zana za kazi. Mwezi mmoja wa kufuta vumbi na kujaza kadi za vitu utakusaidia kuliko semina kumi.

Halafu kuna kozi ambayo vijana wanaipita kama hawaioni: utunzaji wa kumbukumbu, inayofundishwa Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora. Sehemu kubwa ya kazi hii ni karatasi. Kitu kilitoka kwa nani, kikaenda kwa nani, na nani aliandika? Tabora yetu ina ugonjwa wake. Kila kiti chenye mguu uliovunjika kilikuwa cha Livingstone, na kila upanga wenye kutu ulikuwa wa Tippu Tip. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji, mwaka 1872. Stanley alimwacha pale mwezi Machi, naye akangoja wapagazi wake mpaka Agosti. Kwa viti ninavyoonyeshwa, mzee yule alikuwa na ukumbi wa harusi. Tippu Tip naye ana haki zaidi kwenu, maana baba yake alikuwa na makazi karibu na mji na alioa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Lakini "alikuwa anaishi karibu" si ushahidi. Ushahidi ni picha ya zamani, barua, wosia, orodha ya mirathi, jina lililochongwa upande wa chini. Usipoupata, andika "familia inasema", na uiache hivyo hivyo. Bei ya hadithi isiyo na karatasi ni sifuri, hata kama bibi analia.

Sasa mikono. Tafuta fundi seremala mzee umsaidie jioni, na sonara akuruhusu ukae dukani kwake. Seremala atakufundisha kupindua sanduku kabla ya kulisifia. Mbele ya sanduku kila mtu anaweza kupaka rangi. Tazama chini, nyuma, ndani ya droo, na ukague skrubu moja moja. Ukikuta za nyota, zile zinazofunguliwa na bisibisi ya nyota, ujue ziliingia sokoni miaka ya 1930 kule Marekani. Kwa hiyo sanduku "la wakati wa misafara" lenye skrubu hizo ama limetengenezwa upya ama halijawahi kuona msafara. Swali linalofuata ni kama tundu la skrubu ni la kwanza au limechokonolewa juu ya tundu la msumari wa zamani. Hapo ndipo fundi wa kweli anapotofautiana na mpiga domo. Masanduku ya misumari ya shaba yanatengenezwa mpaka leo, mengine mazuri kabisa. Hakuna dhambi kuwa na jipya, dhambi ni kuliandikia umri wa babu.

Cherehani ni mwalimu mwepesi. Kama ni Singer, ina namba iliyopigwa mwilini, na orodha za kampuni zinaonyesha namba hiyo ilitoka mwaka gani. Dakika chache tu, umeshapata tarehe yenye ushahidi. Lakini jiandae na wajinga. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulivuma uongo kwamba cherehani za Singer zina zebaki nyekundu, watu wakazinunua kwa bei za kichaa. Zebaki nyekundu haipo. Akija mtu Chemchem akiwa na sindano, sumaku na punje za mchele, anasema anapima "mali ya Mjerumani", mfungulie mlango wa kutokea.

Tuje kwenye sarafu zako, maana umenielezea vizuri na nadhani nimezitambua. Moja ina taji, mwaka 1916 na herufi T. Hiyo T ni Tabora, mdogo wangu. Vita ya Kwanza ilipofunga bahari, fedha za Wajerumani zilikata, wakapiga sarafu zao hapo hapo mjini kwenye karakana ya reli: heller 5 na heller 20 za shaba nyekundu na shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916, mchezo ukaisha. Hapa ndipo utakapojifunza kwamba uzee si bei. Heller 20 zilipigwa zaidi ya milioni moja na nusu. Za tembo ni elfu kumi na sita na ushei. Yako ni heller 20, kwa hiyo usiagize bati za nyumba bado. Lakini chukua kioo cha kukuzia mara kumi, utazame ukubwa wa taji, kisha ushuke kwenye L mbili za neno HELLER. Kuna zilizochongoka nchani na kuna zilizojikunja, na kuna ambazo L moja tu imejikunja. Karakana ilibadilisha mihuri kadiri kazi ilivyokwenda, na wakusanyaji wanalipa tofauti kwa tofauti hizo. Ile ya tembo ndiyo inayoghushiwa sana. Uzito wake ni gramu 7.168, dhahabu yake robo tatu. Mtu akikuletea, kabla hujashangilia, iweke kwenye mzani wa sonara.

Ya pili, kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780, ni dola ya Maria Theresa. Watu wengi wamepigwa hapo. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na mwaka huo ukaendelea kupigwa kwenye sarafu hiyo Vienna, London, Bombay na kwingineko, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliizoea na hawakutaka nyingine. Kwa hiyo ina mwaka mmoja na umri wowote. Mthamini anayeandika "sarafu ya 1780" bila kuangalia zaidi amejivua nguo hadharani.

Na sasa lile la kichwa cha habari. Umesema unataka kuzisugua kwa ndimu na majivu zing'ae kabla hujampelekea mtu. Tafadhali, mikono mbali! Ule weusi wa miaka ndio unaomwambia mjuzi kwamba sarafu haijachezewa. Ukishausugua umeondoa pesa, na hairudi. Ni hivyo hivyo kwa shaba ya sanduku: kitambaa kikavu kinatosha.

Kuna jambo ambalo ningependa ulijue kabla ya bei yoyote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu hapa nchini kabla ya mwaka 1863, na milango na fremu za nakshi za kabla ya 1940. Kuviuza na kuvitoa nje kunataka kibali. Tabora na Ujiji milango hiyo ilikuwapo mingi, na imeondoka mmoja mmoja kwa malori. Ukiitwa kuthamini mlango, swali lako la kwanza liwe una umri gani, la pili mwenye nyumba ana mpango gani nao. Akisema kuna mteja nje ya nchi anausubiri, mwelekeze kwa watu wa Mambo ya Kale na uchukue baiskeli yako. Pembe za ndovu ndizo kabisa. Mji wenu ulijengwa na biashara hiyo, na masalia yapo uvunguni mwa vitanda. Usipime, usipige picha, usitaje bei. Hizo ni nyara za serikali na sheria yake haina utani.

Kinachoniudhi zaidi kwenye kazi hii nchini kwetu ni mtu mmoja kuwa mthamini na mnunuzi. Anakuja kwa mjane, anaguna, anasema "hiki hakina kitu mama, nipe tu nikusaidie kukiondoa", kesho yake kiko dukani mjini. Vyama vile vya nje vimeliwekea jambo hili masharti ya wazi. Huruhusiwi kudai ada inayopanda kadiri thamani inavyopanda, na kama una nia ya kukinunua kitu unachokithamini ni lazima useme. Na wewe fanya hivyo tangu siku ya kwanza, hata kabla hujawa na cheti chochote. Ukionekana mara moja tu unanunua ulichokithamini, Chemchem nzima itajua kabla ya magharibi, na hakuna mafunzo yatakayokusafisha.

Taarifa yako iwe ya maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Kitu gani, vipimo, uzito, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kimeharibika wapi, kimewahi kukarabatiwa, umeonyeshwa karatasi gani. Thamani ni ya nini, mirathi au bima au kuuza, na ni ya tarehe ipi. Ulilinganisha na mauzo gani. Kama ni kitu nje ya ujuzi wako, andika hivyo na umtaje anayejua. Mimi kauri za Kichina sizigusi, nawapeleka kwa wenyewe, na hakuna mteja aliyenidharau kwa hilo.

Pesa? Mwanzoni ni kidogo, nisikudanganye. Wateja wako wa kwanza watakuwa familia zinazogawana mirathi zikiogopana, mtu mmoja mmoja anayetaka bima, na labda taasisi inayohitaji mtu wa kuorodhesha vitu vyake. Toza kwa kazi, taja ada kabla hujavua viatu, na uandike risiti. Wengi tunaojua kazi hii tuna nyingine ya kulia ugali: ofisi ya ardhi, useremala, kuongoza wageni. Ukipata nafasi ARITA, chukua, na jioni uende kwa seremala. Vifaa ni vya bei ya kawaida: kioo cha mara kumi, mzani mdogo wa sonara, sumaku, tochi, futi ya fundi na daftari gumu. Na ujifunze kusoma tarakimu za Kiarabu wiki hii, madrasa ziko jirani. Pesa za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani zimeandikwa 1299, mwaka wa Hijria, nami nimeshamwona mtu mzima na suti yake akisema zina miaka mia saba.